Hachibeki ya zamani yenye mbio kwa bajeti ndogo: mwongozo wa mnunuzi wa Malindi

Swali ni lile lile kila mara: "Kaka, nina laki tatu na kitu, nataka Toyota Starlet ya turbo, nianzie wapi?" Nimeulizwa kwa kinyozi, nimeulizwa tukitoka swala ya Isha, na siku moja nimeulizwa na mtu aliyeinama kunichungulia nikiwa nimelala chini ya gari, mikono yote oili. Naandika mara moja, anayefuata nitamtumia hii.

Tunazungumzia hachibeki, vile vigari vifupi ambavyo mlango wa nyuma unafunguka pamoja na kioo chake, vya miaka ya themanini, tisini na mwanzo wa elfu mbili, vilivyowekewa injini kali kuliko umbo lake. Ulaya walianza kuvipenda kwa Golf GTI ya 1976, lita 1.6 na nguvu za farasi 110, kisha Peugeot 205 GTI ya 1984. Wajapani wakajibu kwa vyao. Wanaokumbuka Safari Rally ya 1993 watakwambia Daihatsu Charade zilivyomaliza nafasi ya 5, 6 na 7 nyuma ya Toyota Celica. Siri yake si kubwa: gari jepesi halihitaji injini kubwa ili likimbie.

Jambo moja tulimalize mapema. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane. Kwa hiyo anayekwambia "nitumie deposit nikuagizie Japani Starlet ya 1994" anataka deposit tu. Gari unalolitafuta liko humu humu nchini, limeshapita mikono mingi, na ukilikuta Pwani limeshakula upepo wa bahari miaka mingi. Ndiyo maana mwongozo huu nusu yake ni kutu.

Andaa hivi kabla hujaenda kuona gari lolote

- Pesa zilizogawanywa mafungu matatu. Mawili ya kununulia, moja la kutengenezea. Una 360,000? Gari lako ni la 240,000, na ile 120,000 usiiguse hata muuzaji akilia machozi.
- Sumaku ndogo, hata ile ya kubandika kwenye friji, uliyoizungushia kitambaa laini isikwaruze rangi.
- Tochi. Ya simu haitoshi, utaihitaji simu kwa kazi nyingine.
- Kipande cha boksi. Utalalia, halafu utakiacha chini ya injini uone kinadondoka nini.
- Nguo za kuchafuka. Ukienda na kanzu hutalala chini, na usipolala chini hujaona gari.
- Fundi wako mwenyewe. Si fundi wa muuzaji, si "fundi yuko hapa hapa karibu". Mlipe hata kama gari hukulinunua, ili asiwe na haja ya kukushawishi.
- Bando na akaunti yako ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Hatua

1. Anza na spea, si na sura. Kabla hujapenda gari, zunguka maduka ya spea ya Malindi uulize vitu vitano vya modeli hiyo: klachi, rejeta, shokomzoba za mbele, boljointi na kioo cha mbele. Ukipata vitatu hapa mjini na viwili Mombasa, endelea. Ukiambiwa kila kitu mpaka kitoke Nairobi, Kirinyaga Road, jiulize kama unaweza kukaa wiki mbili bila gari kila kitu kidogo kikiharibika.

Kwa kipimo hicho, Toyota Starlet inaongoza na wengine wanafuata mbali. Kwa alama za chesisi, EP82 (ile ya 1989 kuendelea) na EP91 (1996 hadi 1999) zina injini za familia moja, fundi yeyote wa jua kali anazijua gizani. Honda Civic ya hachibeki ni gari tamu zaidi kuendesha, na yenye injini ya B16A ya VTEC (ufundi wa Honda wa kubadilisha vali zinavyofunguka) inatoa farasi 160 kutoka lita 1.6 bila turbo, lakini nyingi utakazoonyeshwa zina injini ya kawaida na kibandiko cha VTEC. Nissan March K11 haina mbio ya kutisha, ila ni nyepesi na injini yake inatumia taiming cheni, haina mkanda wa kubadilisha. Vitz RS ya lita 1.5 nayo ni ya cheni. Vijana wanaidharau kwa sababu inafanana na Vitz ya mwalimu, na dharau hiyo inakupunguzia bei. Golf na Peugeot za GTI ni nzuri sana kwa mwenye gari la pili.

2. Achana na turbo, ile pampu inayosukuma hewa zaidi kwenye injini, angalau mara hii. Najua hukutaka kusikia. Starlet GT Turbo na Glanza V zilitoka kiwandani na injini ya 4E-FTE, 1,331 cc, farasi 135, ndani ya gari lisilofika tani moja. Ni raha. Ila fikiria mambo matatu.

La kwanza, nyingi si zenyewe. Herufi EP82 kwenye chesisi hazithibitishi turbo, kwa sababu Starlet za kawaida nazo ni EP82. Pua ya hewa juu ya boneti inauzwa na kubandikwa. Neno Glanza pia si ushahidi: ipo Glanza S, na hiyo haikuwa na turbo tangu kiwandani. Fungua boneti, tafuta turbo yenyewe, soma herufi za injini kwenye chuma, si kwenye stika.

La pili, petroli. Injini hii ilitengenezewa petroli ya Japani ya okteni ya juu (okteni ni kipimo cha petroli kustahimili bila injini kugonga). Ya kwetu ya kawaida iko chini ya hapo, na ukichanganya na joto la Malindi saa saba mchana na mtu aliyeongeza presha ya turbo kwa kufuata video, utasikia injini ikigonga kama mchanga uliomwagwa kwenye kopo. Pistoni haivumilii hilo muda mrefu.

La tatu, iliyobaki yenyewe na nzima, mwenyewe anajua alichonacho. Bei yake si ya bajeti yetu. Ya bajeti yetu ni ile iliyochoka.

Starlet ya 4E-FE isiyo na turbo, gia za mkono, breki nzima, tairi nzuri na shokomzoba mpya itakufanya utabasamu kutoka Gede hadi Watamu. Turbo utanunua ukishajua kutunza hii.

3. Tafuta karatasi kabla ya kutafuta makosa. Omba picha ya logbuku, kisha fanya upekuzi wa namba ya gari kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani, ndani ya eCitizen. Ada yake ni ndogo. Angalia jina la mwenye gari, namba ya chesisi, namba ya injini, na kama kuna mkopo unaolidai. Jina la muuzaji likitofautiana na la logbuku, zungumza na mwenye jina, si na dalali. "Mwenyewe yuko Dubai" ni hadithi; inaweza kuwa kweli, lakini wewe unanunua karatasi, hununui hadithi.

Gari hizi nyingi zimebadilishwa injini. Si kosa, mradi mabadiliko yameandikishwa. Namba ya injini isipolingana na logbuku, kazi ya kuiandikisha iwe ya muuzaji kabla ya pesa yako kutoka.

4. Nenda asubuhi, na injini iwe baridi. Mwambie muuzaji asiliwashe. Ukifika weka mkono juu ya boneti. Likiwa la moto:

"Ami, tulisema usiliwashe."
"Nililisogeza tu kivulini, mwanangu."

Kaa, subiri lipoe. Kunywa kahawa yake. Gari gumu kuwaka likiwa baridi hufichwa kwa njia hii, na moshi wa kwanza wa asubuhi ndio unaosema kweli.

5. Kutu. Hapa usiharakishe. Injini ya Starlet ukiua unapata nyingine ya mtumba. Bodi iliyooza huna duka la kuinunua.

Upepo wa Kusi huleta chumvi kutoka baharini miezi mingi ya mwaka. Aliyelala na gari karibu na ufuo anajua kioo kinavyokuwa na ukungu wa chumvi asubuhi. Muulize muuzaji gari limelala wapi miaka yote hii. Lililolala Casuarina bila banda, lililobeba samaki na barafu yake inayoyeyuka, lililofanya kazi upande wa mashamba ya chumvi Gongoni, hayo yachunguze mara mbili. Na yako yaliyoegeshwa Mokowe, gati la bara la kuvukia kwenda Lamu. Mtu wa Lamu huliacha gari gatini, anavuka kwa boti, anarudi baada ya wiki tatu. Kilomita chache, ndiyo. Lakini limekaa wiki tatu linapulizwa.

Anza nje. Pitisha sumaku juu ya matao ya magurudumu ya nyuma, chini ya milango, na pembe za mlango wa nyuma. Inaponasa kuna bati. Inapoteleza na kuanguka kuna fila (ile pati ya kuzibia matundu) iliyopakwa rangi, na chini ya fila hakuna kitu. Bonyeza kwa kidole gumba ukingo wa chini wa mlango. Ukisikia mchakacho kama wa biskuti, umeshapata jibu.

Ingia ndani. Inua mazulia, yote, mpaka uone bati. Inua gurudumu la akiba kwenye buti. Hapo maji ya mvua hukaa na sakafu huoza kimya kimya. Chini ya betri. Kuzunguka kioo cha mbele, kwenye raba.

Kisha boneti: tazama sahani mbili ambako shokomzoba za mbele zinafungwa juu, kulia na kushoto. Kutu ya juu juu inasuguliwa. Kutu iliyopasua bati hapo ni sababu ya kuaga na kuondoka, hata bei ikishuka nusu, kwa sababu gurudumu zima linaning'inia kwenye sehemu hiyo.

Mwisho lala kwenye boksi lako. Fuata kwa tochi mabomba ya breki kutoka mbele hadi nyuma. Ni membamba na huliwa na chumvi haraka. Gari lililopakwa lami nyeusi mpya chini lote, na kwingine lote ni la zamani, muulize lami hiyo inaficha nini.

Starlet yangu ya kwanza ilikuwa nyekundu, injini inavuma kama cherehani, na sikuinua zulia. Wiki ya pili nilimbeba shangazi kutoka Kilifi. Tulipopita tuta la Timboni akakaza mguu kujishikilia, na mguu ukapita. Sakafu ilikuwa boksi lililopakwa lami. Hakuumia, alhamdulillahi, ila ndara moja ilibaki barabarani na ikabidi nirudi nyuma kuiokota huku matatu zikinipigia honi. "Mwanangu," akaniambia, "umenunua gari au mtumbwi?" Mpaka leo akipanda gari langu lolote hugonga sakafu kwanza.

6. Injini, kwa mpangilio huu. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta ute mweupe kama tui zito, maji yameingia kwenye oili, na gasketi ya hedi ndiyo mshukiwa. Fungua rejeta (ikiwa baridi, nimeshasema): maji yawe na rangi ya kulenti, ile dawa inayowekwa kwenye maji ya rejeta. Yakiwa rangi ya kutu, huenda limejazwa maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi. Hapo hesabu rejeta mpya kwenye bei.

Washa. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Mweupe mzito usioisha injini ikipata moto ni maji. Mweusi ni petroli nyingi, na huo ndio wenye nafuu. Acha lisimame na kunguruma dakika ishirini, feni iwake na kuzima yenyewe angalau mara mbili. Wengine huunga feni moja kwa moja na betri kuficha swichi mbovu. Ikizunguka bila kusimama tangu mwanzo, uliza.

Fundi wako akiwa na geji ya kompresheni, atoe plagi apime silinda zote nne. Usibabaishwe na namba yenyewe sana, tazama tofauti. Zikiachana zaidi ya asilimia 15 kuna silinda inayoumwa. Taiming belti uliza lini ilibadilishwa. Bila risiti, chukulia haijawahi.

7. Endesha, redio ikiwa imezimwa. Malindi ni tambarare, kilima cha kupimia klachi ni tabu kupata. Fanya hivi: mahali wazi, vuta breki ya mkono, weka gia ya tatu, achia klachi polepole ukiongeza mafuta kidogo. Injini izime. Ikiendelea kuvuma kama hakuna kilichotokea, klachi imeisha. Fanya mara moja tu, si mara tano.

Pinda usukani mpaka mwisho na uzunguke duara kila upande. Mlio wa ta-ta-ta ni CV jointi, kiungo cha ekseli ya gurudumu la mbele. Pita tuta kwa pembe, gurudumu moja kwanza, usikilize bushi na boljointi. Kwenye barabara ya lami isiyo na gari nyuma, achia usukani kidogo, kisha kanyaga breki: likivuta upande, ulizia pale pale. Gia ya pili ikikataa au ikijichomoa unapoachia mafuta, gia boksi inahitaji kufunguliwa.

Tairi zisome. Pembeni kuna tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye meno mazuri ya miaka kumi imeshakauka, na gari la mbio kwenye tairi kavu siku ya mvua ni hatari.

8. Bei. Andika kasoro zote kwenye karatasi na gharama ya kila moja kama fundi wako anavyokadiria, umpe muuzaji asome. Usimtukane gari lake. Lipa kwa benki au M-Pesa, si noti mkononi. Muuzaji aanzishe uhamisho kwenye eCitizen mkiwa mmekaa pamoja, nawe ukubali hapo hapo. Bima kwa gari la umri huu mara nyingi utapewa ya mtu wa tatu tu, kwa hiyo likiibwa limekwenda. Weka swichi ya siri ya kuzima pampu ya mafuta. Kazi ya nusu saa kwa fundi wa umeme.

9. Wiki ya kwanza, kabla ya rimu na ekzosi. Oili na filta. Taiming belti na pampu ya maji kwa pamoja, kwa sababu kazi ya kufungua ni moja. Suuza rejeta, weka kulenti. Oili ya breki. Plagi. Kisha siku ya jua kali, osha chini kwa maji baridi ya mfereji, likauke kabisa, upulize mafuta mazito ndani ya milango na matao. Baada ya hapo, osha chini kila wiki wakati wa Kusi.

Makosa ninayoyaona zaidi

Kushusha springi kwa kuzikata. Matuta yetu hayajui mtindo, na gari litakuwa linaburuza ekzosi hadi Mambrui. Kununua gari lililobomolewa nusu, "kila kitu kipo kwenye gunia": havipo. Kuongeza nguvu kabla ya kuongeza breki. Na kununua la kwanza uliloliona kwa sababu lina rangi unayoipenda. Ona matano, hata kama la kwanza ndilo utakalorudia.

Likisumbua

*Linapanda joto kwenye foleni, likitembea linashuka:* feni au swichi yake. Likipanda hata barabarani, tazama rejeta iliyoziba, kisha themostati. Usikubali fundi atoe themostati na kuitupa. Injini itakula mafuta na kuchakaa mapema.

*Linawaka vizuri asubuhi, likipata moto linakataa:* koili au igniter kwenye distributa. Jaribu ya mtu kwanza kabla ya kununua.

*Sailensa (mngurumo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inapanda na kushuka likiwa limesimama:* hewa inaingia pasipostahili. Kagua mipira ya vakyumu, imepasuka kwa joto, halafu safisha vali ya sailensa.

*Linagonga ukikanyaga mafuta:* taiming imesogezwa mbele mno, au petroli duni. Badilisha kituo kwanza, ni bure.

*Ukiwa barabarani pedeli ya breki inazama polepole na taa nyekundu ya dashibodi inawaka:* simama. Masta silinda au bomba lililoliwa na kutu. Usiendeshe mpaka gereji, ita fundi aje.

*Mvua ya Mei imenyesha usiku na gari halishiki kabisa:* ni unyevu. Fungua kofia ya distributa, futa ndani kwa kitambaa kikavu, futa na waya za plagi moja moja bila kuchanganya mpangilio wake, rudisha, subiri dakika tano, washa.